Nani Anawahukumu Wafu? Deni la Marehemu Katika Mila Zetu za Fizi na Baraka



Kuna neno moja linalosikika katika kila kilio kwetu, kuanzia Baraka kandokando ya ziwa mpaka kule milimani kuelekea Itombwe: "Tumuachie Mungu." Mkristo analisema, Mwislamu analisema, na mzee asiyeingia kanisani wala msikitini analisema pia. Neno hilo linabeba imani nzima juu ya mambo ya baada ya kufa: kwamba kuna hesabu, kuna mwenye kuhesabu, na hakuna atakayeikimbia. Lakini vijana tunaowafundisha wanatuuliza: kama Mungu atawahukumu wote, sisi tunaobaki tuna kazi gani? Ni swali la haki kabisa. Tujaribu kulijibu kwa kupitia mila tatu zinazoishi pamoja kwetu: ile ya wababu, ya Uislamu na ya Ukristo.

Tuanze na wababu. John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya aliyeaga dunia mwaka 2019, alitoa mwaka 1969 kitabu kikubwa juu ya dini na falsafa za Waafrika. Anasema mataifa mengi ya Afrika hayakungojea siku moja ya hukumu baada ya kufa, wala hayakuwa na pepo kwa wema na moto kwa wabaya. Mbiti alichukua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akaeleza hivi: aliyekufa anabaki ndani ya Sasa kama kungali na watu wanaomkumbuka kwa jina. Akifa yule wa mwisho aliyemjua, marehemu anaingia katika Zamani.

Je, ni kusema wababu hawakuwa na hukumu? Hapana. Hukumu ilikuwako, ila waliobaki ndio walioibeba. Mtoto akizaliwa, ukoo unatafuta jina la kumpa. Jina la babu aliyelisha wageni linarudi mara nyingi. Jina la mtu aliyeharibu kijiji, nani atalitaka kwa mtoto wake? Huyo amehukumiwa bila moto na bila minyororo: amenyamaziwa. Tena kulikuwa bwami, chama cha mafundisho tulichokuwa nacho pamoja na ndugu zetu Walega, ambamo mtu alipanda ngazi kwa ngazi, akifundishwa wema kwa mithali, kwa ngoma na kwa vitu vidogo vya mbao na vya pembe. Serikali ya Wabelgiji ilipiga chama hicho marufuku mwaka 1948. Daniel Biebuyck, mtafiti aliyezunguka kwa Walega na kwa Wabembe katika miaka ya 1950, ameandika jinsi vitu vya mwenye cheo aliyekufa vilivyopita kwa mrithi wake. Mrithi hakupokea mali tu. Alipokea pia kazi ya kuendeleza wema wa yule aliyelala.

Uislamu ulifika pwani yetu katika karne ya 19, pamoja na wafanyabiashara waliovuka ziwa kutoka Ujiji. Wenyewe walikuja na mazuri na mabaya, kwani pamoja na nguo na chumvi kulikuwa pembe za tembo na minyororo ya watumwa. Katika mafundisho yake, hesabu inaanzia kaburini, pale malaika Munkari na Nakiri wanapomuuliza marehemu juu ya Mola wake, dini yake na Mtume wake. Siku ya Kiyama kila mmoja atapokea kitabu cha matendo yake, kwa mkono wa kuume au wa kushoto, na matendo yatapimwa katika mizani. Lakini kuna fundisho lingine ambalo Wakristo wengi hawalijui. Mtume aliwauliza masahaba wake ni nani aliyefilisika. Wakajibu kwamba ni yule asiye na pesa wala mali. Akawaambia kwamba aliyefilisika ni mtu atakayekuja siku ile na sala nyingi, saumu na zaka, huku amemtukana huyu, amemnyang'anya yule, amempiga mwingine. Mema yake yatachukuliwa na kugawiwa wale aliowadhulumu. Yakiisha kabla deni halijaisha, atabebeshwa dhambi zao.

Tuangalie vizuri uzito wa fundisho hilo. Dhambi kati ya mtu na Mungu, Mungu anaweza kuifuta. Haki ya mtu mwingine, lazima mwenyewe aridhike.

Ukristo nao unasemaje? Tunajua kwamba wahubiri wetu wanakaza sana juu ya neema, na ni vizuri. Lakini katika Mathayo sura ya 25, pale kondoo na mbuzi wanapotengwa, hakuna anayeulizwa aliimba katika korali ngapi. Wanaulizwa juu ya mwenye njaa, mwenye kiu, mgeni, mgonjwa na mfungwa. Katika sura ya 5 ya kitabu kilekile, mtu anayeleta sadaka na kukumbuka kwamba ndugu yake ana neno naye, anaambiwa aiache palepale, aende kwanza akapatane. Na Zakayo, siku wokovu ulipofika nyumbani mwake, aliahidi kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Neema haikumzuia kulipa. Neema ndiyo iliyomfungua mkono.

Kwa hiyo mila tatu, ambazo zinabishana juu ya mambo mengi, zinakutana mahali pamoja, na mahali hapo tunapaona kwa macho katika mazishi yetu. Kabla ya kuondoka na mwili, au palepale penye kaburi, mtu mmoja wa familia anasimama na kusema: "Kama marehemu alikuwa na deni ya mtu, tunamuomba huyo mtu aonane na familia." Wengine wanaona ni desturi tu. Sisi tunaona ni filozofia nzima katika sentensi moja. Inasema kwamba kufa hakufuti deni. Inasema pia kwamba walio hai wanaweza kumsaidia marehemu, kwa kumlipia alichoacha. Dawa ya deni ni kulipa, hata kama mwenye kukopa ameshafunikwa udongo.

Sasa tufike penye uchungu. Kuna madeni makubwa kupita pesa. Kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na tarehe 2 Januari 1999, huko Makobola na katika vijiji vya jirani, ndani ya teritware yetu ya Fizi, watu zaidi ya 800 waliuawa. Idadi hiyo imeandikwa katika ripoti ambayo Umoja wa Mataifa ulitoa mwaka 2010 juu ya makosa makubwa yaliyotendeka katika nchi yetu kati ya 1993 na 2003. Ripoti ilitaja vikosi. Mpaka tunapoandika, waliotoa amri hawajasimama mbele ya jaji. Na watu wanasema: "Tumuachie Mungu."

Sisi tunauliza: nani anayelisema? Mjane aliyepoteza mume na watoto akilisema, ni haki yake. Ameubeba mzigo hata mgongo ukachoka, akautua mahali asipoweza kudanganywa. Hakuna mtu wa kumkemea. Lakini likisemwa na yule aliyeua, au na mkubwa mwenye uwezo wa kufungua faili na hafungui, ni wizi. Ni kama mtoto wa marehemu anayesimama kaburini na kusema: "Wenye kudai, mtaonana naye huko aliko." Tungemzomea.

Tena hatuwezi kusema kwamba hukumu ya duniani haiwezekani kwetu. Tarehe 1 Januari 2011, askari waliingia Fizi, wakabaka wamama na kupora. Mwezi wa pili wa mwaka uleule, tribinali ya kijeshi ilikuja kukaa hapahapa Baraka. Wamama wakasema, na luteni-kanali aliyekuwa kamanda akahukumiwa miaka 20 ya gereza. Mungu hakupunguziwa kitu siku hiyo.

Kuna watakaotuambia: mkianza kudai hivi, mtarudisha kisasi. Onyo hilo ni la kweli, na hatulidharau. "Tumuachie Mungu" limeokoa watu wengi ambao panga lilikuwa limeshainuliwa juu yao. Kuna mahali ambapo kilio chenyewe kinageuka kuwa mahakama, na bibi kizee anaitwa mchawi bila ushahidi hata kidogo. Kuna pia wanaosema "wale watu," wakimaanisha kabila zima, hata mtoto aliyezaliwa juzi. Hapo ndipo imani ya akhera inatufundisha vizuri. Katika mizani ya Waislamu kila mtu anakuja na kitabu chake. Katika Mathayo 25, kila mmoja anajibu kwa alichotenda au alichoacha kutenda. Hakuna mizani ya kabila.

Mtu atasema: lakini kwa wababu ukoo mzima ulilipa kosa la mmoja. Ni kweli, penye lubunga wazee waliketi, na ukoo ukachanga mbuzi au ng'ombe. Lakini tutenganishe mambo mawili. Kulipa pamoja siyo kukosa pamoja. Ukoo ulichanga ili jirani apone na amani irudi. Aliyetenda alibaki ametenda, kwa jina lake. Anayewakusanya wasio na kosa ili awaadhibu wote hafuati mila ya wababu, anaivunja.

Basi, jibu letu kwa vijana ni hili. Mungu anahukumu roho, na hukumu hiyo hatuwezi kumnyang'anya: hatujui moyo wa mtu, wala hatujui alivyolia usiku wa mwisho. Lakini faili anayoisoma, sehemu yake iko mikononi mwetu. Kulipa alichoacha marehemu, kusema kweli mbele ya jaji, kukataa kumsingizia asiye na kosa, kuandika majina ya waliokufa kabla wenye kuyajua hawajaondoka nao: hizo ni kazi za walio hai, na hazingoji parapanda.

Majina tuanze nayo. Vijana waliozaliwa baada ya Makobola leo ni wababa na wamama. Kila familia ikiandika ya kwake kwenye daftari, pamoja na kijiji na tarehe, wafu wetu watabaki katika Sasa, na siku jaji atakapokaa, wa mbinguni au wa duniani, atakuta daftari liko tayari.