Tamari, Yusufu na Mtu wa Ofisini

Juma hili nataka tutafakari kazi ambayo hatuiombei sana. Ni ile ya afisa wa chuo, pengine mkuu wa wanafunzi. Msichana anaingia ofisini mwake, anafunga mlango, anasema mhadhiri fulani, au mwanafunzi mwenzake, amemtendea ubaya wa kingono. Mara nyingi hakuna shahidi. Afisa si polisi wala si hakimu, lakini ndiye wa kwanza kuamua kama neno hilo litaandikwa au litaishia pale. Je, amwamini nani?

Biblia ina kesi mbili. Katika 2 Samweli 13 Tamari ananajisiwa na Amnoni, ndugu yake kwa baba. Absalomu anamwambia anyamaze. Mfalme Daudi anasikia, anakasirika sana, na hafanyi kitu. Katika Mwanzo 39 mke wa Potifa anamsingizia Yusufu. Potifa naye anakasirika, na Yusufu anaenda jela. Hatusomi popote kwamba aliulizwa swali hata moja. Tamari alisema kweli, yule mama alidanganya. Lakini angalieni hao wanaume wawili wenye mamlaka. Wote walikasirika, na hakuna aliyechunguza. (Na hebu niulize, mara ya mwisho kusikia mahubiri ya Tamari ni lini? Ya Yusufu tunayo kila mwaka.)

Sheria zenyewe zimeyumba kati ya hao wawili. Sheria yetu ya Makosa ya Kingono ya 2006 ilikuwa na kifungu cha 38: ukimsingizia mtu, adhabu yako ni sawa na ya kosa ulilomshtaki nalo. Kilimlinda Yusufu, lakini Tamari gani angethubutu kusema? Baadaye kikaondolewa. Marekani vyuo vinafuata sheria ya 1972 iitwayo Title IX, na vina maofisa wa kazi hii hasa. Mwaka wa 2011 serikali iliviambia viamue kwa kuangalia tu kama madai yanaelekea kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli. Mwaka wa 2020 kanuni mpya zikataka kikao ambapo mshauri wa kila upande anauhoji upande wa pili. Mwaka wa 2024 zikabadilishwa tena, na Januari 2025 mahakama ikazifuta hizo za 2024. Fikiria kupima haki kwa mizani inayosogezwa kila rais akibadilika!

Kuna wanaosema upendo ni kuegemea anayelia, na kusikiliza pande zote mbili ni ubaridi. Mimi naona tunachanganya mambo mawili. Kumpeleka hospitali, kumpa mahali salama pa kulala, kumhamisha kutoka darasa la huyo mhadhiri, hayo hayangoji ushahidi. Ni ya leo. Kumhukumu mtu ndiko kunangoja. Afisa anayejua tofauti hiyo anaweza kumpenda Tamari saa hii hii bila kumfunga Yusufu.

Jaribu lake kubwa, kwa maoni yangu, hata si kumwamini mwongo. Ni jina la chuo. Nilisomea biashara, na tulifundishwa kwamba jina jema ni mali, linaweza hata kuingia kwenye vitabu vya hesabu. Basi dada anaambiwa, "Tutaongea naye." Alama zake zinapotea, muhula unaisha, faili haina karatasi hata moja. Hakuna aliyedanganya, na hakuna aliyetenda haki.

Na sisi kanisani? Tunaita wazazi wa pande mbili, tunaomba, tunafunga mdomo ili injili isitukanwe. Nyumba ya Daudi ilinyamaza hivyo hivyo, na baada ya miaka miwili Absalomu alimuua Amnoni. Viongozi wa vikundi vya nyumbani, ukiletewa jambo kama hili, hospitali kwanza, kisha polisi. Dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi lazima ianze kabla ya saa 72 kuisha. Msingoje mchungaji arudi kutoka krusedi.