Uso Mkunjufu Katika Taabu

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Ndugu zangu Waislamu, wako miongoni mwetu wadhanio kuwa dalili ya uchaji ni kukunja uso, na kwamba mwenye kucheka amepungukiwa na imani. Dhana hii haina asili katika mwenendo wa Mtume wetu (S.A.W.). Mtu mmoja alimwomba mnyama wa kupanda, naye akamwahidi mtoto wa ngamia. Yule mtu akastaajabu: mtoto wa ngamia atamfaa nini? Mtume akamkumbusha kwamba kila ngamia ni mtoto wa ngamia. Na mtoto mdogo, Abu Umayr, alipofiwa na kindege chake, Mtume alimwuliza habari zake kwa maneno ya vina ili amliwaze. Mzaha wake ulikuwa wa kweli, wala haukumvunjia mtu heshima.

Naye alionja misiba. Mwaka aliofiwa na Bi Khadija na Abu Talib waitwa Mwaka wa Huzuni. Na mwanawe Ibrahim alipokufa, alilia. Aliyelia hivyo ndiye aliyetabasamu sana mbele ya sahaba zake.

Sisi wa Homa Bay na Migori twaijua taabu. Mvuvi hukesha ziwani na taa zake akitafuta omena, alfajiri akarudi na mashua tupu. Magugu maji huziba njia ya mashua. Ndipo mmoja hutoa neno la ucheshi pale ufukoni, wenzake wakacheka, kisha wakashika nyavu kuzitengeneza. Kicheko hicho hakikuleta samaki. Kimerudisha mikono kazini. Hiyo nayo ni sehemu ya subira.

Lakini kipo kicheko kiuacho. Utafiti wa taifa wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa Homa Bay karibu mtu 1 katika kila 5 wenye umri wa miaka 15 hadi 64 alikuwa akiishi na virusi vya UKIMWI. Basi katika kila baraza, pengine hata katika safu zetu za sala, yumo. Afanyaye mzaha juu ya dawa za mwenziwe humfanya azifiche. Azifichaye huenda akaziacha. Na aziachaye hujitia katika hatari ya mauti. Je, mcheshi huyo atamjibu nini Mola wake? Surat Al-Hujurat imetukataza kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya.

Wala msimlazimishe mwenye msiba kucheka. Nabii Yaqub alilia mpaka macho yake yakawa meupe, naye ni mfano wa subira njema. Kaeni naye kwanza. Na huzuni ikizidi hata asile wala asilale, mpelekeni hospitali, kwani Mtume ametuamrisha kujitibu.

Basi leo, urudipo nyumbani mikono mitupu, ingia kwa salamu na uso mkunjufu kabla hujataja deni. Tabasamu hilo ni sadaka, na maskini naye aweza kuitoa.

Mwenyezi Mungu aikunjue mioyo yetu. Amin.