Mfuko Umepigwa Marufuku, Shati Je?

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, Tanzania ikafuata Juni 1, 2019. Watu walinung'unika kidogo, wakarudi kwenye vikapu, maisha yakaendelea. Ila mama anayetoka sokoni na kikapu chake cha ukindu huenda amevaa plastiki kuanzia juu hadi chini: blauzi ya poliesta, sketi ya tetroni, mtandio wa nailoni. Vyote hivyo asili yake ni mafuta ya petroli, sawa na ule mfuko uliokatazwa.

Hakuna sababu ya kumlaumu. Poliesta iligunduliwa mwaka 1941 na wakemia wawili wa Uingereza, John Whinfield na James Dickson, na leo inachukua zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani. Bei yake nafuu, haikunjamani, na hukauka upesi hata wakati wa masika. Sare ya tetroni humaliza mwaka mzima wa shule, kisha ikarithiwa na mdogo mtu.

Tatizo ni kwamba hunyonyoka. Kung'uta jezi ya mpira karibu na dirisha linalopitisha jua, utaona vumbi jepesi likielea. Humo mna vipande vya uzi. Vingine, vidogo kuliko jicho linavyoweza kuona, hutoka na maji ya kufulia. Mwaka 2016 Imogen Napper na Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walikadiria kuwa kilo 6 za nguo za akriliki zikifuliwa mara moja kwa mashine zinaweza kuachia nyuzi zaidi ya 700,000. Za poliesta zilikaribia 500,000. Kitambaa cha poliesta kilichochanganywa na pamba kiliachia chache zaidi, kama 138,000.

Nani atasema hayo ni ya Ulaya? Watafiti walinunua sangara na sato sokoni Mwanza, wakawapasua matumbo. Katika kila aina, samaki mmoja kati ya watano alithibitika kuwa na plastiki, na poliesta ilikuwamo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Ni kweli utumbo wa sangara hutupwa, lakini dagaa huliwa mzima mzima.

Habari njema imo ndani ya beseni. Utafiti wa China wa mwaka 2023 ulilinganisha mkono na mashine kwa kitambaa cha poliesta tupu: mkono uliachia vipande 1,850 hivi, mashine zaidi ya 23,000. Kusugua kwenye ubao wa kufulia kuliongeza idadi, ingawa haikufikia ya mashine. Anayekwangua jezi kwa brashi juu ya sakafu ya saruji ana la kujifunza hapo. Na mwenye mashine aijaze vizuri, atumie maji baridi na mzunguko mfupi. Ule mzunguko wa nguo laini, unaodhaniwa kuwa mpole, hutumia maji mengi na ndio unaonyonyoa zaidi.

Ufaransa ilitunga sheria mwaka 2020 kutaka mashine mpya za kufulia ziwe na chujio kuanzia Januari 2025. Ni hatua nzuri kwa nchi ya mashine. Dar es Salaam, ambako nyumba nyingi hazijaunganishwa na bomba la majitaka, maji ya povu humwagwa mtaroni, yakaingia Mto Msimbazi, na kutoka hapo ni Bahari ya Hindi.

Mtumba nao una kichekesho chake. Nguo hunyonyoka zaidi inapofuliwa mara za mwanzo, kwa hiyo shati la mtumba limekwisha kuacha nyuzi zake nyingi kwa mwenyewe wa kwanza, huko Ulaya. Lakini ripoti ya Changing Markets Foundation ya mwaka 2023 ilikadiria kuwa zaidi ya theluthi moja ya nguo kuukuu zinazopelekwa Kenya zina plastiki na ni duni kiasi cha kuwa taka papo hapo. Kando ya Mto Nairobi, pale soko la mtumba la Gikomba, matambara yamekanyagwa hadi yakawa sehemu ya ukingo.

Kumbebesha mzigo huu mama mwenye beseni ni uonevu. Kiwanda kinaweza kusokota uzi imara, kufuma kitambaa kilichobana, na kukifua chenyewe kabla ya kuuza, maji yakachujwa palepale. Serikali nazo zina pa kuanzia: sare za shule, hasa Tanzania, inayolima pamba Simiyu na Shinyanga kisha ikauza sehemu kubwa nje ikiwa ghafi. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) linakataza nguo za ndani za mtumba kwa hoja ya afya. Kwa hoja hiyohiyo, liweke basi kiwango cha nyuzi ambazo nguo mpya inaruhusiwa kuachia majini.