Jiwe la Gizani

Onyesho langu la kwanza la taarab nilikwenda nikiwa na miaka tisa. Mama mdogo alinivalisha gauni la sikukuu, tukapanda daladala hadi Magomeni. Kwa muda mrefu sikuelewa kwa nini wanawake walikuwa wakiinuka vitini wimbo ukiwa katikati. Walikwenda mbele kwa madaha, noti mkononi, wakamtunza mwimbaji, kisha wakageuka. Mmoja alipogeuka aliitazama meza ya kona, akatikisa bega moja, akarudi kukaa. Meza ya kona ikanyamaza.

"Kampa chake," mama mdogo alininong'oneza, huku akicheka. Nikamuuliza kampa nini. Akasema nikikua nitajua.

Nilikua, nikajua. Wimbo wa mipasho humsema mtu asiye na jina: jirani mwenye choyo, wifi mchonganishi, shoga mnafiki. Mwimbaji anawaimbia wote waliolipa kiingilio. Anayekwenda kutunza ndiye anayeuandikia wimbo anwani. Na kwa kuwa maneno si yake na jina halikutajwa, anarudi kwenye kiti chake akiwa safi. Watu husema ametupa jiwe gizani: atakayesema yalaa, limempata.

Nilipenda sana mchezo huo. Nikiwa chuo, mwaka wa pili, sikukosa onyesho kama nauli ilikuwepo. Tulikuwa wasichana watano, na mmoja wao tulikaa naye chumba kimoja hosteli. Muhula ule baba yake alikuwa amepoteza kazi. Alinikopa pesa ya ada, akaniomba nisimwambie mtu. Sikumwambia mtu. Ila miezi ilipita bila kunilipa, nikaanza kuhesabu kila soda aliyonunua. Siku moja alirudi na viatu vipya. Sikumuuliza kavitoa wapi. Nilinuna tu.

Jumamosi ile alivivaa kwenda ukumbini. Ukapigwa wimbo unaowasema watu wanaotamba kwa vya kuomba. Nikainuka na noti ya elfu tano. Nikatunza. Nikageuka, nikavitazama viatu vyake, kisha nikamtazama yeye. Wenzetu watatu wakafuata macho yangu. Mmoja akapiga kigelegele.

Usiku, chumbani, aliniuliza kwa nini. Jibu langu lilikuwa tayari, kwa sababu mila yenyewe ilikuwa imeniandalia: "Mimi nilimtunza msanii. Kwani wimbo ulikuwa na jina lako?"

"Jina halikuwemo," akasema. "Macho yako yalikuwemo."

Muhula uliofuata alihamia chumba kingine.

Kwa miaka kadhaa nilijitetea kichwani, na hoja zangu hazikuwa za kijinga. Ya kwanza: sikusema neno. Lakini hata mwanafunzi wa falsafa wa wiki ya kwanza hufundishwa kwa J. L. Austin kwamba kusema ni kutenda, na akikaa kidogo anaona kwamba unaweza kutenda bila kusema. Mwimbaji hakuijua siri ya yule dada. Mtunzi hakuijua. Katika ukumbi mzima, mtu mmoja tu aliijua, na ndiye aliyegeuka.

Ya pili ilikuwa na uzito zaidi: taarab ndivyo ilivyo, na anayeingia ukumbini anakubali kupigwa. Miaka ya 1990, Khadija Kopa akiwa TOT na Nasma Khamis akiwa Muungano, mashabiki wa Dar es Salaam waligawanyika pande mbili wakisubiri nani atamjibu nani. Ni kweli. Lakini wale wawili kila mmoja alikuwa na jukwaa lake, bendi yake na watu wake. Aliyepigwa leo kesho alikuwa na zamu. Mwenzangu angejibu kwa wimbo gani? Angetunza kwa pesa ipi, naye alikuwa anadaiwa na mimi?

Nyuma zaidi yupo Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo kwa Kiswahili. Wimbo wake "Kijiti" ulimtaja kwa jina mtuhumiwa wa mauaji ya mwanamke, ukalalamikia mashahidi kuadhibiwa. Nilikuwa nikidhani fumbo ndilo lenye adabu na kutaja jina ndio ukosefu wa adabu. Siku hizi sina hakika. Anayetaja jina anajiweka wazi: anaweza kuulizwa, kubishiwa, kushtakiwa. Mimi nilitaka raha ya kumpiga mtu bila gharama ya kuwa mpigaji.

Sisemi mipasho ifutwe. Nimeona mke aliyenyamazishwa nyumbani akiinuka na noti yake, na kwa dakika nne ukumbi mzima ukawa upande wake. Fumbo ni silaha ya asiyeruhusiwa kusema. Kosa langu ni kwamba mimi niliruhusiwa. Tulilala futi sita kutoka kitanda hadi kitanda. Ningeweza kusema, "Dada, pesa yangu." Nilikopa silaha ya mnyonge nikampigia mnyonge.

Februari 2019 nilikwenda Unguja, Sauti za Busara, ndani ya Ngome Kongwe. Taarab asilia ilipopigwa, bibi mmoja mbele yangu aliinuka taratibu, akatunza, akageuka. Macho yake hayakumtafuta mtu. Aliyafumba, akasimama hapo mpaka fidla zikamaliza kipande chao. Sijui wimbo ule alimtunzia nani.

Usiku ule nilimwandikia mwenzangu. Nilimwomba radhi, nikataja nilichofanya bila kuzungukazunguka. Alijibu asubuhi: "Nimesoma." Baada ya saa moja ikaingia pesa kwenye simu yangu, deni lote, mpaka senti ya mwisho.

Sijaitumia. Kila nikitaka kumrudishia, naogopa itakuwa tena ni kumtunza mbele za watu.