Nani Amlipe Mwandishi?

Mwenye kuwaandikia watu habari astahili ujira wake. Fundi wa mbao wa Kadutu hafanyi meza bure. Sisi twauliza tu: nani amlipe? Hapa Kongo waandishi wanaijua sana coupage, kama waiitavyo kwa Kifaransa: mwenye mkutano humtilia mwandishi noti mkononi, ndipo habari zake zitoke. Wengi wao hawana mshahara wa kutosha, nasi hatuwacheki. Lakini anunuaye meza ndiye aketiye mbele yake. Huku alipaye ni mmoja, asomaye ni mwingine. Mama asomaye sifa za dawa atamnunulia mtoto wake, wala hajui kwamba sifa zile zimelipiwa. Basi msomaji na alipe, hata faranga chache. Au mwenye dawa alipe, na juu yake paandikwe wazi: TANGAZO.