Kiwanja cha Nyuma ya Nyumba ni cha Nani?



Baadhi ya familia hapa Edmonton hufikiria kumwaga zege nyuma ya nyumba na kusimamisha goli la mpira wa kikapu. Sababu inaeleweka: wazazi wanaogopa visu vya mitaani. Nami kama muuguzi napenda watoto wacheze. Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku.

Lakini je, kilicho ndani ya uzio wangu ni changu peke yangu? Nyumba zetu nyingi zimeshikana ukuta kwa ukuta. Mdundo wa mpira humfikia jirani aliyelala baada ya zamu ya usiku. Maji ya mvua yakikosa udongo wa kuyanywa hutafuta njia kwingine, na vijito vyetu, kama Salmons Brook, vimewahi kufurika. Sheria ikiruhusu, bado upendo una maswali yake.

Kubwa zaidi ni hili: mtoto wa jirani anapita barabara ileile tunayoiogopa. Wetu akiwa salama ndani, yule bado yuko nje.

Basi kabla ya zege, tubishe hodi kwa jirani. Tukubaliane saa za kucheza, tubakize sehemu ya udongo, na mwanawe akaribishwe. Nafasi isipotosha, Pymmes Park ipo. Wazazi tupokezane kuwasindikiza watoto wote.

Jumapili njema.