Mtoto wa Nani?

Vijijini kwetu, mtoto akipita mbele ya mzee asiyemfahamu, haulizwi kwanza jina lake. Huulizwa, "Wewe ni mtoto wa nani?" Akishamtaja baba yake au bibi yake, uso wa mzee hukunjuka. "Kumbe wewe ni mjukuu wangu! Pita ndani ule." Mtoto hajaeleza alivyozaliwa wala njia aliyopita kufika pale. Amewataja walio wake, na kwa kuwataja amepata nyumba.

Nalikumbuka swali hilo kila ninapowasikia watu wakibishana kuhusu chimbuko la binadamu. Ubishi huanza kwa kulazimishana: ama tuliumbwa, ama tulitokana na viumbe waliotutangulia, chagua moja. Naona wanaobishana wamefunga maswali mawili kwa fundo moja. Lipo swali la njia: tulipita wapi mpaka tukawa hivi tulivyo? Na lipo swali la mzee: sisi ni wa nani?

Tuanze na njia, kwa kuwa sehemu yake imepita kwetu. Huko Laetoli, katika eneo la Ngorongoro, mwaka 1978 kikosi cha mwanaakiolojia Mary Leakey kilifukua nyayo zilizokanyagwa kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.66 hivi iliyopita. Majivu yalilowa mvua, yakakanyagwa, yakakauka yakawa magumu, kisha yakafunikwa na majivu mengine. Nyayo zimefuatana kwa mita zipatazo 27, na anayezitazama anautambua mwendo huo: wa miguu miwili, kisigino kikitangulia kutua. Mmoja wa wapita njia wale alikuwa akikanyaga ndani ya nyayo za mwenzake. Wataalamu wengi wanawahesabu kuwa viumbe wa jamii ya Australopithecus afarensis, ambao ubongo wao ulikuwa kama theluthi ya ubongo wetu.

Hapo mwanafalsafa inambidi asimame. Tangu Aristotle tumezoea kumfafanua mtu kwa akili, kwamba ni mnyama mwenye kufikiri. Laetoli inaonyesha kuwa miguu iliitangulia akili, tena kwa muda mrefu mno. Basi mtu alianza lini? Ukiwapanga wazazi wetu wote kwa mstari, kizazi nyuma ya kizazi, hutapata mahali pa kuchora mpaka ukasema: mama huyu hakuwa mtu, mwanawe ni mtu.

Wengine huona kwamba mpaka ukikosekana, na tofauti imekosekana. Lakini tazama lugha hii tunayosemezana. Kiswahili kilichipuka kutoka katika Kibantu cha pwani, wala hakuna mama aliyemwimbia mwanawe kwa Kibantu cha kale, mwana akamjibu kwa Kiswahili. Kila kizazi kilielewana na kilichokizaa. Hata hivyo Kiswahili kipo, kina sarufi yake na tenzi zake, na kukosa siku ya kuzaliwa hakujakipunguzia kitu. Utu nao ni hivyo. Ulikuja polepole, na ulipofika ulikuwa kitu kipya: kiumbe anayeweza kuahidi, kuomba radhi, kuzika wafu wake na kuuliza ametoka wapi.

Mkristo anayasomaje haya? Kitabu cha Mwanzo, katika sura ya 2, kinasimulia kwamba Mungu alimfinyanga mtu kwa mavumbi akampulizia pumzi ya uhai. Kwa Kiebrania, jina Adamu linafanana na neno adama, yaani ardhi. Wapo waumini wanaozihesabu siku sita za uumbaji kuwa siku za saa 24, na siwabezi, kwa sababu wanalinda jambo la thamani: kwamba mtu hakuja kwa bahati nasibu. Lakini kusoma kwa namna nyingine hakukubuniwa jana ili kumfurahisha Darwin, mwanasayansi wa mageuko ya viumbe. Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, zaidi ya miaka 1,400 kabla ya kitabu cha Darwin cha mwaka 1859, alifundisha kwamba Mungu alitia katika uumbaji mambo mengi mithili ya mbegu, yachipue kwa wakati wake. Aliwaonya pia Wakristo wasiyatie Maandiko aibu kwa kuyasemesha, kuhusu mbingu na nchi, mambo ambayo hata asiyeamini anajua kuwa si kweli. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II naye alikiri kwamba mageuko ni zaidi ya dhana tu, huku akishikilia kwamba roho ya mtu huumbwa na Mungu moja kwa moja.

Anayeona haya kwa kuwa na ukoo na wanyama, na akumbuke kwamba Biblia haikumpa malighafi bora zaidi. Ilimpa mavumbi. Heshima ya chungu haitoki kwenye udongo wake. Anayepima udongo na kuchunguza moto uliokichoma chungu anasema kweli, na tunamhitaji. Lakini akisema kwamba kwa kuwa udongo umejulikana, hakuna tena haja ya kuuliza ni nani aliyekitaka chungu na kwa kazi gani, ametoka nje ya kazi yake. Na anayekijua chungu ni cha nani asidhani kwamba hilo linamruhusu kusema uongo kuhusu udongo.

Nasisitiza ukweli kwa sababu asili ya uongo huua. Mwaka 1863 msafiri Mwingereza, John Hanning Speke, aliandika kwamba watawala wa nchi za Maziwa Makuu walikuwa uzao wa wavamizi kutoka Uhabeshi. Dhana ya namna hiyo ikaja kuitwa nadharia ya Wahamiti, kwa jina la Hamu mwana wa Nuhu. Jina hilohilo lilikuwa limeshatumiwa kuhalalisha utumwa wa Waafrika, ilhali katika Mwanzo sura ya 9 anayelaaniwa ni Kanaani mwana wa Hamu, si Hamu mwenyewe. Wakoloni wa Kibelgiji waliikumbatia nadharia hiyo, na katika miaka ya 1930 wakaanza kuwagawia Wanyarwanda vitambulisho vilivyoandikwa kabila. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, waliobandikwa asili hiyo ya kigeni, kwenye vizuizi vya barabarani swali la mzee liliulizwa na watu wenye mapanga. Maelfu waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Aliyebandikwa asili ya uongo yumo hatarini zaidi.

Katika jambo hili sayansi na imani zinasema neno moja. Ukichukua watu wawili wowote duniani, takriban asilimia 99.9 ya vinasaba vyao inafanana, na mizizi yetu sote imo Afrika. Paulo, aliposimama mbele ya Waathene, aliwafundisha kwamba mataifa yote yametoka kwa mmoja. Kiswahili nacho kimelihifadhi fundisho hilo: kila tunaposema mwanadamu, tunasema mwana wa Adamu, na neno hilo halimwachi mtu yeyote nje.

Luka, katika sura ya 3, anaiorodhesha nasaba ya Yesu akirudi nyuma, mwana na baba, mpaka kwa Adamu. Hapo ningetazamia aishie. Lakini anapiga hatua moja zaidi, anamtaja Mungu. Mkristo anaamini kwamba Neno alifanyika mwili, na mwili alioutwaa ni huu wetu, wenye kisigino na unyayo, wenye safari yake ndefu iliyopita hata kwenye majivu ya Laetoli. Kama Mungu hakuuonea haya, mimi ni nani niuonee?

Na mwenye kujua kwamba sote ni wa Baba mmoja amejitwika jukumu la yule mzee. Atakaposimama mlangoni pake mtu asiyemfahamu, naye akamuuliza ni mtoto wa nani, jibu analijua tayari. Kilichobaki ni kumkaribisha ndani ale.